Maswali kwa Bibi Shamba: Uhai ulio ndani ya mboji unapimwaje?

Toleo lililopita la safu hii lilieleza namna ya kupanga lundo la mboji na kuligeuza. Barua zilizofuata zimeyaacha mambo ya majani na samadi, zikaingia kwenye swali gumu zaidi: mkulima atajuaje kwamba ndani ya lundo lake, au ndani ya pipa lake la chai ya mboji (maji yaliyolowekwa mboji), mna viumbe wanaofanya kazi, na kwamba viumbe hao ndio anaowahitaji? Nimechagua barua sita. Nimezifupisha, lakini sikubadili hoja zake.

SWALI: Bibi Shamba, salaam. Mimi ni mkulima wa mboga hapa Lushoto. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya kilimo cha biodainamiki, tawi la kilimo hai lenye taratibu zake za pekee, nikarudi na vile viungo vya kutia kwenye mboji, namba 502 hadi 507, vilivyoagizwa kutoka Ulaya. Lundo lilipoiva nilipeleka sampuli maabara, nikajibiwa kwamba gramu moja ina bakteria milioni 300. Aliyetufundisha anasema namba hiyo ni ushahidi kwamba viungo vimefanya kazi. Jirani yangu anasema huo ni uchawi wa Kizungu. Mkweli ni nani?

JIBU: Namba uliyopewa haimtetei yeyote kati yao. Mboji ya kawaida iliyoiva vizuri, ambayo haijatiwa kiungo chochote cha kuagizwa, hubeba mamia ya mamilioni ya bakteria kwa gramu moja, na mara nyingine hufikia bilioni. Kwa hiyo milioni 300 ni habari njema kwamba lundo lako halikufa kwa ukavu wala halikuungua, lakini habari hiyo inaishia hapo.

Ni vyema pia ujue namba hiyo ilipatikanaje. Kwa njia inayotumika katika maabara nyingi, mtaalamu huchanganya gramu chache za mboji na maji yasiyo na vijidudu, akauzimua mchanganyiko huo mara kumi, tena mara kumi, mpaka uwe mwepesi sana, kisha akamwaga kiasi kidogo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria. Baada ya siku chache yanatokea madoa, kila doa likihesabiwa kuwa limetokana na bakteria mmoja au kijikundi kimoja. Wanaohesabiwa ni wale tu waliokipenda chakula hicho, joto hilo na hewa hiyo. Kwa viumbe wa udongoni, wanaokubali kuota kwenye sahani mara nyingi ni kama mmoja tu kwa kila 100 wanaoonekana kwa hadubini. Maabara nyingine ikitumia chakula tofauti itakupa namba tofauti kutoka mfuko uleule, na zote mbili zitakuwa zimefanya kazi yake sawasawa.

Sasa tuje kwenye viungo vyenyewe. Vinatokana na mihadhara minane aliyoitoa Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria aliyeanzisha kilimo cha biodainamiki, mwezi Juni 1924 katika kijiji cha Koberwitz, ambacho wakati huo kilikuwa Ujerumani na leo kiko Poland kwa jina la Kobierzyce. Namba 502 ni maua ya yaro, 503 ni kamomili, 504 ni mmea wa upupu wa Ulaya, 505 ni magome ya mwaloni, 506 ni maua ya dandelioni na 507 ni maji ya maua ya valeriani. Baadhi hufungwa ndani ya viungo vya wanyama na kuzikwa kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Kinachotiwa kwenye lundo zima la tani kadhaa ni kiasi cha kijiko kidogo kwa kila kimoja. Maelezo ya Steiner yaliegemea nguvu za mbingu na za nyota kuliko bakteria, na sehemu hiyo hakuna maabara inayoweza kuipima. Kinachopimika ni jambo dogo zaidi: je, lundo lililotiwa viungo huenenda tofauti na pacha wake ambalo halikutiwa?

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa uangalifu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000 na Lynne Carpenter-Boggs pamoja na wenzake. Katika wiki nane za kuiva, malundo yenye viungo yalikuwa na joto lililozidi lile la malundo ya kulinganishia kwa wastani wa nyuzi 3.4 za Selsiasi. Mwishoni yalikuwa na nitrati, yaani naitrojeni ambayo mmea huweza kuitumia, zaidi kwa asilimia 65, na yalitoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 10. Jirani yako inafaa ayasome hayo. Lakini mwalimu wako naye asome utafiti mwingine wa watu haohao, wa mwaka huohuo, uliopima udongo wenyewe: mashamba ya kilimo hai cha kawaida na ya biodainamiki yalikutwa na hali ya vijidudu inayofanana, na yote mawili yaliushinda kwa uhai udongo ambao haukupewa mbolea ya asili. Pale Therwil, Uswisi, ambako tangu mwaka 1978 mifumo ya biodainamiki, kilimo hai na kilimo cha kawaida imekuwa ikilinganishwa bega kwa bega, jambo linalojitokeza kwa nguvu zaidi ni tofauti kati ya udongo unaolishwa samadi na mboji na ule usiolishwa. Kwa maoni yangu, anayelima Usambara ataongeza uhai shambani mwake kwa toroli kumi za mboji kuliko kwa kijiko kimoja cha maua ya yaro. Hilo halikukatazi kutumia maua hayo ikiwa unayo.

Ukitaka jibu linalohusu shamba lako mwenyewe, jenga malundo mawili siku moja, kutoka rundo moja la majani na banda moja la ng'ombe, yenye ukubwa sawa na unyevu sawa. Lundo moja litie viungo. Lingine litoboe matundu yaleyale na utie kijiko cha mboji iliyoiva ya kawaida, ili kazi ya mikono iwe sawa pande zote. Pima joto kila asubuhi kwa kina kilekile. Ukienda maabara, mifuko iandikwe A na B tu, na anayejua A ni ipi abaki nyumbani. Pacha mmoja hatoshi kwa sababu malundo mawili hutofautiana hata yasipotiwa kitu. Rudia angalau mara tatu kabla ya kuanza kubishana na jirani.

Sampuli nayo ina adabu yake. Usichote konzi moja juu ya lundo. Chota sehemu kumi hadi kumi na tano, kwa kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, changanya kwenye ndoo safi, kisha toa nusu kilo. Ifunge kwenye mfuko ukiacha hewa kidogo, iweke mahali pa baridi bila kuigandisha, na ifike maabara kabla ya siku mbili kupita. Sampuli iliyoshinda kwenye buti la gari juani kutwa nzima, ikipimwa, itatoa habari za buti kuliko za lundo.

SWALI: Bibi Shamba, sisi ni kikundi cha akina mama wakulima Limuru. Shule moja ilikuwa ikiuza vifaa vya zamani, tukanunua hadubini inayokuza mara 400. Tulipoweka mboji yetu tuliona weusi mtupu na vitu vinavyotetemeka. Tunatafuta nini, na tutajuaje ni kizuri au kibaya?

JIBU: Hongereni kwa ununuzi huo, kwa sababu kwa fedha hiyohiyo mngelipia vipimo vichache tu vya maabara, na hadubini bado mngekuwa hamna. Weusi mlioona umetokana na mambo mawili: mboji ilikuwa nzito mno, na mwanga ulikuwa haujarekebishwa.

Chukueni kipimo kimoja cha mboji na vipimo vinne vya maji ya mvua, kwenye chupa ndogo yenye kifuniko. Itingisheni taratibu kwa nusu dakika, kama mtu anayebembeleza mtoto, kwa kuwa mkiitingisha kwa nguvu mtaikata nyuzi za kuvu vipande vipande. Ngojeni sekunde chache mchanga utulie, mvute maji ya katikati kwa bomba dogo, na mdondoshe tone moja kwenye kioo kabla ya kulifunika kwa kile kioo chembamba. Anzeni na lenzi ya kukuza mara 100, ndipo mwende 400. Chini ya meza ya hadubini kuna kitundu cha mwanga chenye kishikio: kifungeni karibu chote. Wengi hukiacha wazi wakidhani mwanga mwingi ndio kuona vizuri, kumbe viumbe hawa hawana rangi na huonekana kwa kivuli chao.

Vitone vidogo kuliko vyote, vya duara au mfano wa fimbo, ndivyo bakteria. Karibu kila kitu kidogo hutetemeka ndani ya maji, hata chembe ya udongo, kwa hiyo mtetemo si dalili ya uhai. Anayekwenda upande mmoja, akageuka, akarudi, huyo yu hai. Nyuzi nyembamba mno, zisizozidi unene wa bakteria mmoja, ni za aktinobakteria, ambao ndio chanzo cha ule unga mweupe kama majivu mnaouona ndani ya lundo lililopata moto. Nyuzi nene zaidi, zenye unene usiobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara nyingine za rangi ya kahawia na zenye vikuta vya kukata vyumba kama mua, ni za kuvu. Msizichanganye na nyuzi za majani, ambazo huchanika ovyo na unene wake hupanda na kushuka.

Kisha kuna wanaokula wengine. Amiba hutambaa kama uji uliomwagika. Wenye mikia midogo huenda wakiyumba. Wenye vinyweleo mwili mzima hupita mbio mpaka jicho linashindwa kuwafuata. Mmoja wawili si neno, ila wakijaa kwenye kioo mara nyingi wanaashiria kwamba lundo lilikosa hewa, nanyi mligeuze. Nematodi, yaani minyoo ile isiyoonekana kwa macho matupu, inastahili dakika kadhaa za utulivu. Tazameni mdomo. Walio na mdomo wazi kama mrija hula bakteria, nao ni watumishi wenu kwa sababu hutoa naitrojeni kwenye uchafu wao. Walio na kisindano ndani ya mdomo wanaweza kuwa walaji wa kuvu au washambuliaji wa mizizi, na kuwatofautisha kunahitaji mafunzo. Mkiwaona wengi wa aina hiyo kwenye mboji iliyochanganywa na mabaki ya nyanya, pelekeni sampuli kwa mtaalamu kabla ya kuitia kwenye kitalu, kwa sababu minyoo fundo ikiingia shambani haitoki kirahisi.

Hesabu yake si ngumu. Bomba dogo la kawaida hutoa matone kama 20 kwa mililita moja. Mkikuta nematodi wawili katika tone zima, na mboji mliizimua mara tano, basi mililita moja ya mboji ina 2 mara 20 mara 5, yaani 200. Tone moja linaweza kudanganya, hivyo hesabuni matone matano na mchukue wastani. Kwa bakteria msijisumbue kuhesabu kila mmoja. Andikeni kwenye daftari tu kama ni wachache, wa kadiri au wengi mno, lakini andikeni kila wiki, na aandikaye awe mtu yuleyule.

Jambo moja hadubini hailiwezi kabisa. Haitawaambia kama fimbo fulani ni bakteria anayeyeyusha fosforasi au ni yule wa kinyesi anayeharisha watoto. Kwa lenzi yenu hao wawili ni mapacha, kwa hiyo asitokee mwanachama akawatangazia wateja kwamba mboji imepimwa na ni salama kwa sababu tu imetazamwa.

SWALI: Mimi nina bustani ya mboga Unguja, nauza saladi, giligilani na mchicha kwa hoteli. Huwa natengeneza chai ya mboji kwa pampu ya hewa saa 24, natia molasi vikombe viwili kwenye pipa la lita 100, kisha nanyunyizia majani. Mpishi mmoja ameniuliza kama chai hiyo ina kinyesi. Nimjibu nini?

JIBU: Mjibu kwamba ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kuhusu chai ya mboji, kisha uache kunyunyizia saladi mpaka utakapokuwa umepima.

Mboji iliyopata joto ipasavyo huwa imepoteza sehemu kubwa ya vijidudu vya kinyesi. Kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, zinataka lundo la kugeuzwa libaki kati ya nyuzi 55 na 77 kwa siku 15, na ligeuzwe angalau mara tano katika siku hizo, ili kila sehemu ya nje iingie ndani na kupata moto. Hata hivyo ukingo usiogeuzwa, kuku aliyepita juu, au koleo lililotoka bandani vinaweza kurudisha wachache. Katika mboji kavu wachache hao hawana nguvu. Lakini wewe unawatia kwenye maji ya uvuguvugu, unawapa hewa, na unawapa sukari. Tuchukulie mfano wa hesabu tu: kama 10 wangeongezeka mara mbili kila saa bila kizuizi, baada ya saa 24 wangezidi milioni 160. Kwenye pipa vizuizi vipo, kwa kuwa vijidudu vingine hugombea chakula hichohicho, lakini molasi hupunguza ugomvi huo kwa kumshibisha kila mmoja.

Haya si makisio ya mezani. Watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani pale Beltsville walichapisha mwaka 2007 majaribio yaliyoonyesha kwamba bakteria wa E. coli na Salmonella, wanaotoka kwenye kinyesi na wanaoweza kuharisha watu, waliongezeka kwenye chai iliyotiwa virutubisho vya nyongeza, ilhali chai isiyotiwa nyongeza haikuwapa nafasi hiyo. Miaka mitatu kabla yake, kikosi kazi kilichoundwa na bodi inayoishauri serikali ya Marekani kuhusu viwango vya kilimo hai kilipendekeza kwamba chai yenye nyongeza ipimwe, na isizidi E. coli 126 kwa kila mililita 100, kiwango kilichoazimwa kutoka kwenye maji ya kuogelea. Isiyopimwa ihesabiwe kama samadi mbichi, yaani itumike si chini ya siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Sasa piga hesabu ya bustani yako. Mchicha unaung'oa baada ya wiki tatu au nne, na saladi haifiki hata miezi mitatu. Hakuna siku katika maisha ya mboga hizo ambayo chai isiyopimwa ingeruhusiwa kuyagusa majani yake.

Maabara zinazopima E. coli kwenye maji zipo; upande wa Bara, Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Waeleze mapema kwamba unaleta chai ya mboji, si maji ya kisima, kwa sababu tope lake huziba chujio la maabara na huenda wakahitaji kuwaotesha bakteria kwenye mirija badala ya kuchuja. Omba chupa iliyotakaswa kutoka kwao, ijaze kutoka kwenye bomba lilelile unalonyunyizia, iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo. Jibu moja zuri halitoshi kwa mwaka mzima, kwani linahusu mchanganyiko ule, mboji ile na pampu ile. Ukibadili kimojawapo, unapima upya.

Kwa sasa acha molasi, loweka mboji ileile kwenye maji safi, uichuje, na umwage mchujo huo kwenye udongo wakati wa kuandaa tuta, kabla ya kupanda. Mwisho wa kazi osha pipa na mpira wa hewa kwa brashi siku hiyohiyo. Ute unaoteleza ndani ya mpira ndio makazi ya vijidudu yanayosahauliwa kuliko yote.

SWALI: Niko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwongozo nilionao unasema oksijeni kwenye chai ya mboji isishuke chini ya miligramu 6 kwa lita. Pampu yangu ni mpya na ina nguvu, lakini mchana kipimo kinazungukazunguka kwenye 6 hata pipa likiwa na maji matupu. Kipimo ni kibovu?

JIBU: Huenda ni kizima kabisa. Maji hubeba oksijeni kulingana na mgandamizo wa hewa na joto. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hushiba yakiwa na miligramu kama 8.3 kwa lita. Kwa mwinuko wako, maji ya joto hilohilo hushiba kwenye 6.5 hivi, na pampu haiwezi kuyashindilia zaidi ya hapo, hata ungenunua nyingine tatu. Mwongozo wako uliandikwa na mtu aliyekuwa bondeni. Weka pipa kivulini: maji ya nyuzi 15 kwenu yanaweza kubeba karibu miligramu 8. Na kama kipimo chako kina sehemu ya kusoma kwa asilimia ya ushibaji, soma hiyo, ukihakikisha kwanza umekirekebisha kwa mwinuko wa mahali ulipo. Kushuka kwa ghafla kutoka asilimia 90 hadi 50 usiku kucha kunaeleza habari za pipa lako vizuri kuliko namba 6.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Ninasomea kilimo hai Witzenhausen, Ujerumani. Nikirudi nyumbani Morogoro nataka kulinganisha mboji za biodainamiki na za kawaida kwa kusoma DNA ya vijidudu vyote. Wenzangu wanasema njia hiyo inamaliza mabishano yote.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haimalizi, inayahamisha. Kusoma DNA kutakupa orodha ndefu ya majina, wakiwemo wale wasioota kwenye sahani, na hilo ni jambo kubwa. Lakini DNA ya bakteria aliyekufa wiki iliyopita husomwa pamoja na ya aliye hai, na matokeo huja kama mafungu ya asilimia: kundi moja likipanda, mengine yataonekana yameshuka hata kama idadi yao haikuguswa. Orodha isindikize na kipimo cha kazi, kama vile hewa inayotolewa au nguvu ya vimeng'enya, na ujenge malundo ya kutosha kila upande. Chuo cha Sokoine kiko hapohapo mjini kwenu. Andika mapema kuuliza ni nani anayeshughulikia vijidudu vya udongo, maana fedha ya mwanafunzi mara nyingi huishia kwenye usafirishaji wa sampuli.

SWALI: Nipo Bukoba vijijini, nina migomba na kahawa. Maabara ni mbali, hadubini sina, pampu sina. Je, kuna ninachoweza kupima mwenyewe?

JIBU: Kipo, na kwa mahitaji yako huenda kikakufaa kuliko hayo uliyoyataja. Wewe hutaki majina ya bakteria; unataka kujua kama mboji imeiva kiasi cha kuitia kwenye shina bila kuunguza mizizi wala kuinyang'anya migomba naitrojeni.

Wajerumani wana kipimo rasmi kinachotumia chupa ya kuhifadhi joto ya lita 1.5 yenye mdomo wa sentimita 10. Mboji hulowanishwa mpaka ukiikamua kwenye kiganja inashikamana bila kudondosha maji, hujazwa kwenye chupa bila kushindiliwa, kipimajoto huchomekwa ndani, na joto la juu kabisa katika siku zinazofuata huandikwa. Vijidudu vikiwa bado na chakula kingi, vitakula na kupasha joto. Chakula kikiwa kimekwisha, vitatulia. Ikipanda nyuzi 10 au pungufu juu ya joto la chumba, imeiva kabisa. Ikipanda zaidi ya 40 ni mbichi, na katikati kuna madaraja matatu. Wewe tumia chupa pana ya kuwekea chakula cha moto, ile ya kupelekea wafanyakazi shambani, iliyochakaa na isiyorudi tena mezani. Kwa kuwa ni ndogo, joto lake halitapanda kama la chupa rasmi, hivyo usiyasome madaraja yale kama yalivyo. Linganisha lundo lako la mwezi huu na la mwezi ujao kwa chupa ileile, na uandike joto la chumba pia kila unaposoma.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya kuhusu uhai wa mboji. Lundo linalochemka na kupumua kwa nguvu lina shughuli nyingi zaidi kuliko lililotulia, lakini lililotulia ndilo linalofaa kwenye shina. Ndiyo maana yale malundo ya Washington yaliyopumua polepole mwishoni hayakuhesabiwa kuwa yameshindwa.

Kipimo cha pili ni cha mbegu. Changanya kipimo kimoja cha mboji na vipimo kumi vya maji, acha usiku mmoja, chuja kwa kitambaa. Tandika karatasi laini kwenye sahani mbili. Moja ilowanishe kwa mchujo huo, nyingine kwa maji safi. Weka mbegu 25 za figili au mchicha kila sahani, funika, na uweke mahali pa giza. Siku ya tatu au ya nne hesabu zilizoota na upime mizizi yake kwa rula. Zidisha idadi ya zilizoota kwa wastani wa urefu wa mzizi, kila sahani peke yake, kisha gawanya ya mchujo kwa ya maji. Ukipata asilimia 80 au zaidi, mboji haina sumu ya kutisha mche. Ukipata chini ya 50, irudishe kwenye lundo, iloweshe, igeuze na uiache wiki tatu kabla ya kurudia. Mizizi iliyojikunja na kugeuka kahawia nchani mara nyingi husababishwa na amonia au asidi za lundo lililokosa hewa, na pua yako itakuwa imekwishalihisi hilo ulipofungua mfuko.